Mkomazi, Tarangire au Arusha: hifadhi ipi ya kaskazini kwa siku mbili tatu za mapumziko?

Kila inapokaribia Pasaka, Sabasaba au likizo ya Desemba, swali linarudi lilelile: tuna siku mbili au tatu, gari moja, fedha za kadiri, twende hifadhi gani kaskazini? Serengeti inatajwa kwanza, kisha watu wanapiga hesabu. Kutoka Arusha mjini hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300, na sehemu kubwa ya njia ni vumbi na mawe, kwa hiyo siku moja inaishia barabarani. Ngorongoro nayo ina tozo ya kushuka kreta juu ya kiingilio. Mwisho wanabaki wanazungusha majina matatu: Mkomazi, Tarangire na Hifadhi ya Taifa Arusha.

Mkomazi nimeitanguliza kwa makusudi, kwa sababu ndiyo isiyojulikana. Maelfu ya watu wanapita Same kila siku kwa mabasi ya Dar es Salaam na Arusha, wanashuka kunyoosha miguu, wananunua tangawizi ya milima ya Pare, wanapanda tena. Wachache wanafahamu kwamba kilomita chache kutoka stendi kuna lango la hifadhi yenye kilomita za mraba 3,245, inayopakana moja kwa moja na Tsavo Magharibi ya Kenya. Tarangire ina 2,850 na Arusha 552. Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu 1951, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Tarangire ni hifadhi tangu 1970, na Arusha ilianza mwaka 1960 ikiitwa Ngurdoto.

Ukubwa peke yake hausaidii kuchagua. Tulinganishe kwa mambo sita: njia ya kufika, wanyama utakaowaona kweli, unachoweza kufanya ukiwa nje ya gari, msimu, malazi, na fedha. La tatu ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Wageni wengi wanaorudi wakilalamika hawalalamiki kwamba hawakumwona simba. Wanalalamika kwamba walikaa kwenye kiti saa nane, mgongo umekufa, watoto wamelala. Hifadhi hizi tatu zinatofautiana sana hapo.

Njia

Arusha ndiyo ya karibu kuliko zote. Unatoka barabara kuu ya Moshi na Arusha pale Usa River, unapandisha hadi lango la Ngongongare, na kutoka Arusha mjini ni mwendo wa chini ya saa moja kukiwa hakuna foleni. Barabara ya kwenda Ngarenanyuki inapita ndani ya hifadhi, hivyo hata msafiri wa kawaida aliyekwenda kuchukua nyanya huko ameshawahi kuwaona twiga wakivuka. Kiangazi, gari dogo linafika maziwa ya Momella bila shida kubwa.

Tarangire ni kama kilomita 118 kusini magharibi mwa Arusha. Unafuata barabara ya Dodoma, unapita Makuyuni, na ukifika Kwa Kuchinja unakata kushoto kuelekea lango kuu. Lami inakufikisha karibu kabisa. Ndani, barabara kuu za kaskazini mwa hifadhi zinapitika vizuri kiangazi. Kadiri unavyokwenda kusini kuelekea mbuga ya maji ya Silale, ndivyo gari la juu linavyohitajika.

Mkomazi iko mbali ukitokea Arusha, lakini usiipime kwa Arusha peke yake. Kutoka Moshi ni kama kilomita 110 hadi Same, na lango la Zange liko nje kidogo tu ya mji. Kwa mtu wa Dar, Tanga, Korogwe au Lushoto, ndiyo hifadhi ya kaskazini anayoikuta kwanza njiani. Anashuka Same wakati wenzake bado wana saa kadhaa za basi. Ugumu wake unaanzia ndani. Barabara za Mkomazi ni za pori kwelikweli. Udongo mwekundu ukilowa unateleza, vivuko vya makorongo vina mchanga, na gari dogo halina kazi humo. Njoo na gari la juu linalovuta kwa magurudumu yote manne, au panga la kukodi kabla hujafika, maana Same si Arusha: magari ya utalii hayajapanga foleni yakikusubiri.

Wanyama utakaowaona kweli

Hapa watu wengi wanadanganywa na orodha. Kila hifadhi ikiandikwa wanyama wake, orodha zinafanana. Kinachotofautiana ni uwezekano wa kuwaona, na ukaribu.

Tarangire ni ya tembo. Kiangazi, Mto Tarangire ndio maji ya uhakika katika eneo kubwa sana, na makundi yanaushukia kutoka kila upande. Unaweza kusimamisha gari kwenye ukingo ukaangalia familia nzima za tembo wakichimba mchanga kutafuta maji, vitoto vikigaragara kwenye tope, na pundamilia, nyumbu na swala pala wakisubiri zamu yao. Watafiti wamekuwa wakiwafuatilia tembo hawa mmoja mmoja kwa masikio na meno tangu 1993, na hilo linasaidia kueleza kwa nini tembo wa Tarangire wanajulikana vizuri kuliko wa hifadhi nyingi. Mibuyu nayo ni sehemu ya tamasha. Mingi ina makovu makubwa pale tembo walipobandua magome kutafuna unyevu, na mmoja una uwazi ndani ambao majangili waliwahi kuufanya maficho yao. Simba wapo, chui wapo, chatu hupanda miti karibu na Silale. Mpenda ndege naye hatakosa cha kufanya: kuna kasuku wadogo wenye shingo ya njano ambao asili yao ni nchi hii hii.

Arusha haina simba. Liseme wazi kwa watoto kabla hamjaondoka nyumbani, vinginevyo mtarudi na sura za huzuni. Tembo wapo wachache, na hujificha msituni. Inachokupa ni twiga wengi na watulivu, nyati, ngiri, pongo, kuro, na mbega weusi na weupe wanaoruka juu ya miti ya msitu wa Ngurdoto na manyoya yao ya mkiani yakipepea. Maziwa ya Momella yana chumvi na madini tofauti, kila moja na rangi yake, na kuna miezi ambapo heroe hujaa hadi ukingo unaonekana wa waridi. Na kama anga ni safi asubuhi, Mlima Meru uko upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili. Sijaona sehemu nyingine inayokusanya msitu, maziwa, kreta na milima miwili mikubwa katika eneo dogo namna hii.

Mkomazi ni habari nyingine, na inahitaji maelezo zaidi kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya. Mtu akienda akitegemea wingi wa Tarangire atakata tamaa. Pori lake ni la migunga na vichaka vikavu, wanyama wametawanyika, na wengi bado wana woga wa gari. Lakini wapo wasiopatikana kirahisi kwingine katika hifadhi za kaskazini: swala twiga anayesimama kwa miguu ya nyuma kula majani ya juu, choroa mwenye pembe ndefu zilizonyooka, tandala mdogo mwenye mistari myeupe ubavuni. Hawa ni wanyama wa nchi kavu ya Somalia na kaskazini mwa Kenya, na Mkomazi iko upande wa kusini wa makazi yao. Ndege ni zaidi ya aina 450. Mwenye darubini hatachoka.

Kisha wapo faru weusi. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwamaliza hapo, na tembo wakabaki kidogo sana. Mwaka 1989 serikali ilimwalika Tony Fitzjohn, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi na mhifadhi wa simba George Adamson kule Kora, Kenya, kusaidia kulifufua pori. Barabara zilichongwa, mabwawa yakachimbwa, eneo la faru likazungushiwa uzio na ulinzi, na mwaka 1997 faru wa kwanza wakaletwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini. Wengine walifuata kutoka Jamhuri ya Cheki mwaka 2009 na Uingereza mwaka 2012. Fitzjohn alifariki mwaka 2022. Faru wamezaana na wapo. Miaka ya karibuni sehemu ya eneo hilo imefunguliwa kwa wageni, kwa hiyo leo mtu anaweza kwenda Same akamwona faru mweusi kwa macho, jambo ambalo hata Serengeti linahitaji bahati. Wanaishi ndani ya uzio, na anayetaka kumkuta faru akijitembelea bila mipaka aliweke hilo akilini. Kwangu haliwapunguzii thamani. Bila uzio ule na askari wale, wasingekuwapo. Mbwa mwitu nao walizalishwa Mkomazi kwa miaka mingi na makundi yakaachiwa porini. Ukikutana nao ukiwa kwenye gari, hiyo ni siku ya kukumbukwa.

Jambo moja zaidi kuhusu utulivu wa Mkomazi. Mwaka 1988 familia za wafugaji wa Kimaasai na Waparakuyo ziliondolewa ndani ya pori, na madai yao yalifika mahakamani. Mgeni anayefurahia ukimya wa pale anapaswa kujua kwamba kuna watu nje ya mpaka ambao wazee wao walichunga humo. Ukinunua chakula, ukikodi gari, ukilala Same badala ya kupita tu, fedha yako inabaki karibu nao.

Nje ya gari

Kwa kipimo hiki Arusha inapumua kuliko zote. Matembezi ya miguu ni jambo la kila siku: unapewa askari mwenye bunduki pale Momella, mnashuka kwenye uwanda ambako nyati na twiga wanalisha, mnapanda taratibu hadi maporomoko ya Tululusia. Saa mbili hadi nne zinatosha. Twiga akikutazama kutoka juu na wewe umesimama chini kwa miguu yako, bila kioo kati yenu, unaelewa ukubwa wake kwa namna ambayo gari haliwezi kukupa. Kwenye Momella Ndogo kuna mitumbwi ya kupiga kasia, mnazunguka ukingo mkitazama ndege, viboko kwa mbali, na nyati waliokuja kunywa. Mtu asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea na asione aibu. Hata anayejua analivaa.

Na kuna Mlima Meru wenyewe, wa pili kwa urefu nchini, zaidi ya mita 4,560. Njia ni moja, inaanzia Momella, na kwa kawaida huchukua siku tatu au nne: usiku wa kwanza kibanda cha Miriakamba, wa pili Saddle, kisha kilele usiku wa manane. Askari anawasindikiza kwa sababu ya nyati na tembo wa msituni. Wengi huupanda kama maandalizi ya Kilimanjaro, na nadhani wanaukosea heshima. Mteremko wake ni mkali, ukingo wa kreta ni mwembamba, na baridi ya alfajiri haina huruma kwa mtu aliyekuja na sweta la shule. Asiyetaka kufika juu anaweza kuishia Meru Ndogo, mita 3,820, na bado akaona mengi. Kreta ya Ngurdoto kwa upande wake inatazamwa kutoka ukingoni tu. Kushuka hairuhusiwi, na ndiyo sababu wanyama wa chini wana amani.

Tarangire ina matembezi pia, katika maeneo maalumu na kwa mpango wa mapema, na baadhi ya kambi hupeleka wageni matembezi ya gari usiku. Lakini tuseme ukweli: Tarangire ni hifadhi ya gari. Ni vigumu kutembea kwa miguu palipo na tembo wengi kiasi kile, na uzuri wake hasa ni kukaa kimya ukaangalia mto. Sehemu ya kula chakula cha mchana pale Matete, juu ya mto, inakupa nafasi ya kushuka na kunyoosha miguu huku ukiona wanyama chini. Linda sahani yako. Ngedere wa pale wamesoma.

Mkomazi ina kutembea kwa askari, kupiga kambi, kutazama ndege, na eneo la faru. Orodha ni fupi. Kinachoibeba ni kitu kisichoandikwa kwenye vibao vya lango: unaweza kuzunguka asubuhi nzima ukakutana na gari moja au usikutane na lolote. Unapanda kilima, unazima injini, mbele yako kuna uwanda unaokwenda hadi Kenya, nyuma yako milima ya Pare, na siku safi Kilimanjaro inajitokeza kaskazini magharibi. Bwawa la Dindira ni mahali pa kukaa na chai ya chupa ukasubiri wanyama waje wenyewe. Mtu anayepumzika kwa kelele na wingi wa mambo hataipenda. Aliyechoka na mji ataipenda mno.

Matembezi ya miguu katika hifadhi hizi kwa kawaida ni ya wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Wenye watoto wadogo, ulizeni kabla hamjawaahidi.

Msimu

Hili linasahaulika kuliko yote, na ndilo linaloharibu safari nyingi.

Tarangire inapumua kwa mto. Kuanzia Julai hadi Oktoba wanyama wanajazana. Agosti na Septemba ndio kilele. Mvua ikianza Novemba, wanaondoka. Pundamilia na nyumbu wanatawanyika hadi tambarare za Simanjiro kuzalia, kwa sababu nyasi za huko zina madini ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji. Tambarare hizo ni ardhi ya vijiji, nje ya hifadhi. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni za utalii zilianza kukilipa kijiji cha Terrat ili kiache tambarare yake bila kulimwa, mifugo na wanyamapori walishe pamoja. Kwa hiyo ukifika Tarangire Machi ukakuta ukimya, hujatapeliwa. Wenyeji wamesafiri. Tembo baadhi hubaki, mandhari ni ya kijani, ndege ni wengi, bei za malazi hushuka. Mbung'o nao wapo, hasa palipo na vichaka na joto. Nguo nyeusi na za buluu ziacheni nyumbani.

Mkomazi inakwenda kinyume. Kiangazi maji yake ni machache, na tembo wengi huvuka kwenda Tsavo. Mvua zikinyesha wanarudi upande wa Tanzania, na pori lililokuwa la kijivu linageuka kijani kwa siku chache. Tatizo ni kwamba mvua hiyohiyo inayowaleta wanyama inaharibu barabara na kuotesha nyasi za kuwaficha. Ningesema wakati mzuri ni pale mvua inapoishia: Juni, au Januari hadi Februari baada ya vuli. Barabara zimekauka, maji bado yapo, majani hayajawa marefu mno. Kwa anayekwenda Septemba, asubirie kwenye mabwawa, ambako wanyama waliobaki hukusanyika, na faru wako palepale mwaka mzima.

Arusha haijali sana msimu. Masika ya Aprili na Mei msitu unatiririka, njia za miguu zina utelezi, na mlima hufunikwa na mawingu wiki nzima. Nje ya hapo nenda wakati wowote. Kwa kupanda Meru, chagua Juni hadi Oktoba au Desemba hadi Februari. Julai ni baridi. Watu wa Pwani wabebe koti la kweli.

Kulala

Tarangire ina uteuzi mpana: hoteli za ndani zenye kutazama mto, kambi za mahema za bei ya juu, maeneo ya kambi ya umma karibu na lango, na nyumba za wageni za bei nafuu nje kuelekea Kwa Kuchinja na Mto wa Mbu. Arusha, wengi hurudi kulala mjini au Usa River, ingawa kambi za umma za Momella ni za kupendeza kwa mtu mwenye hema na blanketi zito.

Mkomazi ina kambi za umma kama Ibaya, na nje yake nyumba za kulala wageni za mji wa Same, safi na za bei ya kawaida. Kambini beba kila kitu: maji, jiko la gesi, taa, chakula. Kuokota kuni hakuruhusiwi, wala mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Fedha

Viingilio hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo angalia viwango vya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, wiki unayosafiri. Mpangilio wenyewe haubadiliki sana: Mkomazi iko kwenye kundi la viingilio vya chini, Tarangire na Arusha juu yake. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na viwango vyao viko chini mno kuliko vya mgeni, mradi awe na kitambulisho. Mkenya au Mganda naye yumo. Mtoto wa chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu. Malangoni usitegemee pesa taslimu: malipo ni kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali inayolipika kwa simu au benki, na mtandao ukisumbua mnaweza kukaa hapo muda mrefu, kwa hiyo lipa jioni ya kabla.

Kiingilio kwa raia si mzigo mkubwa kama watu wanavyodhani. Mzigo ni gari. Na hapa hesabu inageuka: Arusha, teksi au Noah ya kugawana watu sita inatosha kiangazi. Tarangire, Noah inawezekana kwenye barabara kuu, Landkruza ni bora. Mkomazi, Landkruza au ndugu yake tu, na kwa sababu magari hayo ni machache Same, akiba uliyoipata kwenye kiingilio inaweza kumezwa na kukodi. Mkomazi ni rahisi kwa mwenye gari lake la juu. Kwa asiyenalo, Arusha ndiyo ya bei ya chini, hata kama kibao cha lango kinasema vingine. Matembezi, mtumbwi na eneo la faru vina tozo zake, kwa hiyo uliza jumla kabla ya kuahidi kundi zima.

Kila moja na watu wake

Arusha inamfaa anayetaka kuutumia mwili, mwenye siku moja, mwenye watoto wasiovumilia gari, na mzee anayetaka kuona twiga na mlima akarudi kulala kitandani kwake. Haimfai aliyeahidi simba.

Tarangire inamfaa anayetaka kushangaa. Mtu ambaye hajawahi kuona wanyama wengi kwa pamoja, apelekwe hapa Agosti na hataisahau. Haimfai anayekerwa na magari mengine, wala anayekwenda Aprili akitarajia picha za Septemba.

Mkomazi inamfaa mwenye subira, mpenda ndege, mpiga picha aliyechoka na picha zilezile, familia yenye gari imara na hema, na yeyote anayeguswa na habari ya faru. Pia walimu: mpango wa Rafiki wa Faru umekuwa ukiwapeleka wanafunzi wa vijiji vya jirani kuwaona faru wanaolindwa karibu na kwao, na shule ya mbali yenye basi lililoharibika kiti kimoja au viwili bado inaweza kuzungumza na uongozi wa hifadhi kuhusu ziara ya elimu.

Kwa hali yako

Mko Arusha mjini au Moshi, mna Jumamosi moja tu: nendeni Hifadhi ya Arusha, mfike lango likifunguliwa. Tembeeni na askari asubuhi kabla jua halijakali, mtumbwi baada ya hapo, Ngurdoto na mbega jioni mkitoka.

Mmetoka Dar kwa basi, ni vijana wanne, mna siku tatu: shukeni Same ikiwa mmeshapanga gari. Usiku mmoja mjini, mmoja kambini Ibaya. Kama hamkufanikiwa kupata gari, msijilazimishe. Endeleeni hadi Usa River mfanye Arusha kwa miguu, mtafurahi zaidi.

Bibi na babu wamekuja kutoka kijijini, hawajawahi kuona tembo, ni Agosti: Tarangire, bila kusita. Lipieni gari zuri lenye viti vya kustahimili, kaeni kwenye ukingo mmoja wa mto muda mrefu badala ya kukimbizana na simba anayetajwa kwenye redio ya madereva.

Ndugu wamerudi kutoka Ulaya au Marekani, wameshaona Serengeti na Ngorongoro: wapelekeni Mkomazi. Wataona swala twiga na faru, na watapata jambo ambalo Serengeti ya Julai haiwezi kuwapa, nalo ni kuwa peke yao.

Mnatoka Nairobi au Mombasa kwa gari: kupitia Taveta na Holili mnaingia Moshi, na mkienda Same mtakuwa upande wa pili wa nchi ileile ya Tsavo mnayoijua. Kama Tsavo mmeizoea, Arusha au Tarangire itawapa mabadiliko makubwa zaidi.

Unajiandaa kupanda Kilimanjaro: Meru, siku nne badala ya tatu, upate kuzoea hewa.

Likizo yenu inaangukia Aprili na haiwezi kusogezwa: Tarangire kama mnapenda kijani, ndege na hoteli zilizopunguza bei, Arusha kama mna makoti ya mvua na hamuogopi tope. Mkomazi ipigieni simu kwanza kuulizia barabara, na mkiambiwa makorongo yamejaa, aminini, mpange upya kwa Juni.